Mstari Mtupu Baada ya Jina

Gwakisa, na ninyi wenzako mnaokaa sasa kwenye meza yangu ya dirishani, nimekawia kujibu. Uliponipigia simu nilikuwa shambani, mvua inanyesha, na swali lenyewe si la kujibiwa na mtu aliyeshika jembe. Ulisema, "Shikamoo mama. Samahani, kuna kitu sikielewi kwenye skripti yako ya matangazo ya vifo. Kila ikiandika jina la marehemu inaacha mstari mtupu. Siku hizi tunasomea kwenye tableti, upana tumeshaubadilisha. Huo mstari naona hauna kazi, naomba niufute."

Nilikwambia usubiri. Sasa nakujibu, na kwa kuwa sijui kujibu kwa ufupi, vumilieni wote.

Mimi niliingia redio yetu nikitokea kwenye taipureta ya ofisi ya kata. Taipureta hamkuiwahi, lakini ilikuwa na adabu moja ambayo kompyuta haina: ukikaribia mwisho wa mstari, kengele inalia. Ting. Hapo unajua zimebaki herufi chache, unaamua neno lipi liingie na lipi literemke chini. Mkono wenyewe unazoea. Nilipopewa kompyuta nikachapa tangazo langu la kwanza, nikangoja kengele, mstari ukaenda zake moja kwa moja kama ng'ombe aliyekatika kamba. Tulipoufungua kwenye mashine ya studio tukaona mstari mmoja mrefu unaotokomea nje ya kioo, na msomaji yuko hewani.

Kwa hiyo tukamwita fundi kijana kutoka Mbeya atuandikie skripti, programu ndogo ya kupanga mistari. Msije mkamcheka, maana kosa lililofuata halikuwa lake. Tulimwambia, "Mstari usizidi herufi sitini, basi." Akaandika skripti inayohesabu herufi sitini na kukata. Mashine ilitii. Ikikuta neno limesimama kwenye herufi ya sitini, ilipitisha panga hapo hapo katikati.

Kwingine labda ingesameheka. Msomaji akiona nusu ya jina anaweza kulikisia lililobaki. Lakini ninyi mmezaliwa hapa, mnajua majina yetu yanavyoanza. Nusu ya wilaya ni Mwaka-kitu. Ukikata jina la Mnyakyusa mwanzoni hujabakiza mtu, umebakiza ukoo mzima wa Rungwe.

Ikatokea siku moja tangazo likakatika mwisho kabisa wa ukurasa. Chini ya karatasi palikuwa na "Anyisile Mwaka", na "tobe" imehamia ukurasa wa pili. Msomaji wetu alikuwa Mzee Asajile, ambaye nitawaeleza zaidi, na siku hiyo kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, mnaujua unyevu wa Tukuyu. Vidole vilipokuwa vinahangaika na karatasi, mdomo haukutaka kunyamaza hewani, ukamalizia jina alilolizoea: Mwakatumbula. Na Anyisile Mwakatumbula alikuwepo Kinyala, mzima wa afya, anapalilia viazi.

Alifika studio kesho yake asubuhi, koti limelowa, jembe begani. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi la wageni akasema, "Nilikuwa shambani nikasikia nimekufa. Nikarudi nyumbani nimuulize mke wangu kama na yeye amesikia. Nimemkuta analia, na majirani wameshaleta ndizi na maziwa. Sasa nauliza, ndizi za watu nizirudishe au nizile?"

Mzee Asajile alisimama, akavua kofia, akamwomba radhi mbele yetu sote. Baadaye akaja mezani kwangu na ile karatasi. Akaweka kidole palipokatika. "Atuganile, mwanangu, mimi kosa langu nimelibeba. Lakini hiki nacho ni nini? Unamkata mtu shingo, halafu unanipa mimi kichwa nikitafutie mwili?"

Jioni ile nilianza kujifunza Python, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa skripti yetu. Sikuwa na umri wa kujifunza, kwa maneno ya wengine, na wengine walikuwa wengi. Fundi kijana alinifundisha kwa simu, kwa moyo mmoja, nami namshukuru mpaka leo.

Sasa nawapa niliyoyapata, kwa sababu mtayahitaji hata mkifuta kila nilichoandika. Mstari hukatwa kwenye nafasi kati ya maneno, haukatwi ndani ya neno. Python ina kifaa kilicho tayari kwa kazi hiyo, kinaitwa textwrap, mmekiona. Lakini kifaa cha watu wote hakiwajui watu wako. Kikikuta neno refu kuliko mstari, kisipokatazwa kitalikata, kwa hiyo kikatazeni. Afadhali jina lichungulie nje ya ukingo kuliko kukatwa. Tena kifaa hicho kinaona kushuka mstari ni nafasi tu kama nafasi nyingine. Ukikipa tangazo zima kwa mkupuo, kinaunganisha aya zote zikawa uji.

Hilo la uji lilituletea wajomba. Tangazo la kifo kwetu lina mpangilio wake: kwanza mume au mke na watoto, kisha upande wa baba, kisha upande wa mama, kisha wakwe. Kila upande unangoja zamu yake redioni, na unataka kusikia kwamba umeanza. Skripti ikaunganisha upande wa mama na ekari nzima ya mashemeji, Mzee akausoma kwa pumzi moja kama alivyoukuta. Wajomba hawakwenda msibani mpaka walipotumiwa mtu wa kuwaita upya. Tangu hapo skripti inakunja kila aya peke yake, na kila aya inaanza na nafasi nne. Mkiziona hizo nafasi nne, hao ni wajomba wamekaa.

Na jambo la mwisho la ufundi, ambalo ndilo lililonifungua macho. Nilidhani nikishakata kwenye nafasi, kazi imekwisha. Siku moja, kwenye orodha ya watoto wa marehemu, "Ipyana" akaangukia mwisho wa mstari na "Mwakibete wa Ikuti" akaanza mstari wa chini. Mzee Asajile alipofika mwisho wa mstari akavuta pumzi, kama kawaida yake. Kwa msikilizaji hao walikuwa watu wawili. Bwana Mwakibete mwingine wa Ikuti akapiga simu kuuliza tangu lini marehemu amekuwa mama yake.

Nilimuuliza Mzee, "Kwani ni lazima upumzike pale pale mwisho wa mstari?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini mvua ni maji. "Mwanangu, jicho linapotoka mwisho wa mstari kwenda kutafuta mwanzo wa mwingine, mdomo ufanye nini? Unapumua. Wewe ukikata mstari, umenipangia pumzi. Mstari mmoja, pumzi moja. Hukulijua hilo?"

Sikulijua. Miaka yote nilidhani napanga herufi. Nikatafuta namna ya kufunga jina na ukoo wake kwa nafasi isiyokatika, ambayo machoni ni nafasi kama nyingine lakini skripti inaiona kama sehemu ya neno. Mkipita humo mtaikuta. Usiku na mchana inawashikanisha watu na baba zao.

Huyo ndiye Mzee Asajile Mwambungu. Alikuwa mwalimu wa kwaya kabla ya kuja redio, na sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, haina madoido. Saa saba mchana alipoanza "Tunasikitika kutangaza," huku vijijini watu waliweka jembe chini mpaka jina litajwe. Kama wa kwenu, unakwenda nyumbani. Kama si wa kwenu, unasema pole kimoyomoyo, unaokota jembe lako.

Mke wake, Mama Lusajo, aliishi nyumbani kwao Kawetele na redio yake juu ya kabati la vyombo. Hakukosa tangazo hata moja. Mzee alikuwa akinisimulia jinsi anavyokaguliwa akifika nyumbani: leo umemharakisha yule mama wa Kinyala, leo umekohoa kwenye jina la mtu. Na siku moja, kabla hajaanza kuugua, akiwa anapepeta mchele, alimwambia, "Baba Lusajo, siku yangu usimwachie mtu mwingine. Unisome wewe." Mzee akamjibu kwamba atamsoma. Kwa watu wa rika lao neno kama hilo halisemwi mara mbili.

Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, walimwambia hospitali. Si kwamba herufi zilikuwa ndogo, kwa hiyo kuzikuza peke yake hakukumsaidia. Ugonjwa ule unaanza kula pembeni. Aliniambia anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho mbele yake anakiona vizuri, kilicho kando hakipo. Akifika mwisho wa mstari mrefu, mwanzo wa mstari unaofuata unakuwa umeshapotea, na jicho linautafuta gizani huku wilaya nzima inasikiliza ukimya.

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alinieleza mlango ukiwa umefungwa: "Mama Atuganile, mimi nampenda Mzee kama unavyompenda wewe. Lakini majina ya wafu si ya kubahatisha. Siku akikosea jina tena, atapumzika." Mzee alipoambiwa alikubali. Yeye mwenyewe asingesema tofauti. Akaja mezani kwangu akasema, "Mama Lusajo ameanza kuumwa."

Hapo nilielewa kazi yangu ni ipi. Kila tangazo lililopita kabla ya lile moja lingeweza kumwondoa, na lile moja hakuna aliyejua litakuja lini.

Nikaanza kuupunguza mstari. Kutoka sitini nikashuka hamsini, nikamwacha azoee. Kisha arobaini na mbili. Nilikuwa namwekea karatasi mbele kabla ya kipindi, anasoma kwa sauti, mimi nimesimama nyuma yake naangalia kichwa. Kichwa kikitulia, upana unamtosha. Kikianza kugeuka kutafuta, narudi kwenye skripti napunguza tena. Wanangu, hakuna kitabu kitakachowaambia upana sahihi wa mstari. Muulizeni atakayeusoma, na asipoweza kuwaambia, tazameni shingo yake.

Upana ulipofika thelathini nikakuta tatizo jipya, jina na ukoo nilivyovifunga pamoja vilianza kuujaza mstari peke yao. Kumbe ikawa heri. Mtu mmoja, mstari mmoja. Karatasi zilizidi, msimamizi wa stoo akanung'unika, nikamwambia aninung'unikie mimi. Na kwa kuwa karatasi zilikuwa ghali nikaiamuru skripti ifute kila mstari mtupu inaokutana nao, maana watu walikuwa wanatuma matangazo kwa simu yamejaa mapengo matupu. Amri hiyo ikumbukeni.

Kwa muda wote huo Mzee hakukosea jina. Aliingia studio akiwa ameshika ukuta, akatoka akiwa ameshika ukuta, lakini hewani alikuwa Asajile yule yule. Sijui kama wasikilizaji walitambua kuwa anapumua mara nyingi zaidi. Mama Lusajo alitambua. Alimwambia, "Siku hizi unawasoma watu vizuri. Unawapa nafasi."

Alifariki asubuhi, nyumbani, mvua ya masika ikipiga bati. Lusajo alinipigia simu akanipa majina yote ya kutangaza, upande kwa upande. Nilichapa huku kioo cha kompyuta sikioni vizuri, na halikuwa tatizo la kompyuta. Meneja akaniuliza nani atasoma. Nilijibu kwamba sijui, kwa sababu mnajua desturi: mfiwa hatoki. Mwili ukiwa ndani, mume anakaa palepale, watu wamkute. Mwanamume kuondoka nyumbani na kumwacha mke wake amelala peke yake na waombolezaji ni jambo ambalo wazee wa Kawetele wasingelinyamazia, na hawakulinyamazia.

Alikuja hata hivyo. Lusajo alimshika mkono kutoka barabarani, viatu vimejaa tope jekundu. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Meneja alisimama, sisi wote tukasimama. Mzee akasema, "Nyumbani wamenigombeza, na wana haki. Nimewaambia nikimaliza nitarudi kukaa. Nilimwahidi."

Alikuja mpaka kwenye meza yangu, akatafuta ukingo wake kwa vidole.

"Atuganile."

"Naam, mzee. Pole sana, baba."

"Ndaga fijo, asante sana. Umeshaandika?"

"Nimeandika. Nimeweka mstari mfupi kuliko wa jana."

"Vizuri. Jina lake ukishaliweka, usiniwekee kitu hapo chini. Niachie. Nikishamtaja nitahitaji kupumua, na nikiona neno lingine nitalisoma. Mimi ni msomaji, nikiona neno nalisoma."

Nikaongeza mstari mtupu chini ya jina. Nikaendesha skripti. Faili ikatoka, mstari haupo. Nikaongeza mitatu. Haipo. Ndipo nikakumbuka ile amri yangu ya kubana karatasi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saba. Ningeweza kuifungua faili na kubonyeza kwa mkono, na fundi yeyote angefanya hivyo. Lakini nikaogopa kwamba nikishaanza kugusagusa faili ile kwa mkono nitavuruga mistari mingine, na hapo jina moja likipotea nitakuwa nimemponza mbele ya mke wake. Nilipiga moyo konde nikaingia kwenye skripti yenyewe nikaandika kanuni: baada ya jina la marehemu weka mstari mtupu, na huo usifutwe. Nikaendesha. Ukatokea. Nikachapa, nikampelekea karatasi zikiwa bado na joto.

Alisoma. "Tunasikitika kutangaza kifo cha." Mstari ukaisha. "Subilaga Mwaisumo." Chini yake palikuwa peupe.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo cha studio. Alitulia. Tulisikia pumzi yake ikiingia, ndefu, ikakaa huko ndani, ikatoka. Hakulia. Kidole chake kilikuwa juu ya ule weupe wa karatasi, kimetulia pale, na Kawetele, Ikuti, Kinyala na kwingine kote watu wakangoja pamoja naye. Kisha kidole kikashuka. "Ameacha mume, Asajile Mwambungu." Alilisoma jina lake kama alivyosoma majina ya watu wote, wala hakulikimbiza. Akawasoma watoto, akausoma upande wa baba wa marehemu, akawasoma wajomba kila mmoja kwenye mstari wake. Hakukosea jina.

Alipotoka alimwambia meneja kwamba kesho watafute msomaji mwingine. Mimi alinishika mkono tu. Kisha akarudi nyumbani kukaa na mke wake mpaka walipomzika.

Baada ya pale nilipaswa kuiondoa ile kanuni. Ilikuwa ya siku moja. Kila nilipofungua skripti nikaiona, nikaipita. Nikastaafu nikaiacha humo, bila hata maelezo ya kumwambia mtu ni ya nini, na hilo ndilo lililokusumbua wewe, Gwakisa. Fundi mzuri huacha maelezo. Sikujua niyaandikeje.

Mwaka huu, kabla ya mavuno ya mahindi, nilikuwa jikoni kwangu Ikuti namenya ndizi, redio iko dirishani. Saa saba. Msomaji alikuwa yule binti yenu mpya, sauti nyepesi, ana haraka ya ujana, habari za michezo anazisoma kama anafukuzwa. Akaanza: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Asajile Mwambungu."

Kisu kikasimama. Na redio nayo ikasimama. Yule binti hakumjua Mzee, hajawahi kumwona, hakuna aliyemwambia atulie. Lakini jicho lake lilikuta mahali ambapo hapakuwa na neno, na mdomo ufanye nini? Nikamsikia anapumua. Pumzi ile ile. Ng'ambo ya ua jirani yangu alikuwa analima kahawa, nikaona ameweka jembe chini.

Nililia sana, sina haja ya kuwaficha.

Kwa hiyo, Gwakisa, upana badilisheni mpendavyo, tableti zina upana wake na macho yenu bado mazima. Zile nafasi nne nanyi mtaamua na wajomba wenu. Ule mstari uliosema hauna kazi, kabla hujaufuta, kaa na tangazo la leo, soma kwa sauti mara moja ukiwa nao na mara moja ukiwa umeuondoa. Ukiona sawa, ufute, sitakulaumu. Ila mimi ni mzee sasa, na jina langu litapita humo humo siku moja saa saba mchana. Ningependa atakayenisoma avute pumzi kwanza, ndipo aendelee na wengine.